Kisichopaswa Kupita Ndani ya Kompyuta

Kibuli, Kampala
Jumapili, baada ya Alasiri

Mpwa wangu mpendwa,

Sisi huku Kibuli hatujambo. Mama yako nimeongea naye juzi, akaniambia na nyinyi huko Mwanza ni wazima, ila wewe hulali. Unakesha ukitazama video za watu wanaofungua maboksi ya vifaa. Orodha yako ya vifaa vya studio nimeipata. Nimeisoma yote, mpaka zile namba za kadi ya michoro ambazo nina hakika hata muuzaji hazikumbuki. Ningeweza kukujibu kwa sauti kwenye WhatsApp, lakini sauti ya mjomba husikilizwa mara moja ndani ya daladala, na watu wakishushwa Buzuruga basi imeisha. Barua utaweza kuirudia siku waya umekataa.

Niseme kwanza kilichonifurahisha: umeamua kuchanganya picha kwa programu badala ya kununua ile meza kubwa ya swichi ambayo rafiki yako anataka kukuuzia. Umefanya vyema. Nilipoanza kazi hii, kila jambo lilikuwa na chombo chake. Kulikuwa na meza ya kukatia kamera, mtambo wa kuandikia majina ya wageni, mashine za kanda, na kingine tena cha kupunguza kasi ya picha ili goli lionekane upya. Televisheni ya Uganda ilianza mwaka 1963, na kwa muda mrefu mtu wa kawaida hakuweza hata kuota chumba cha mitambo. Leo kompyuta moja yenye vMix, programu ya hao StudioCoast wa Australia, inapokea kamera, inaandika majina, inarudia goli, inamleta mgeni aliye Muscat, inarekodi na kurusha kwa wakati mmoja. Usipokuwa na fedha ya vMix, OBS Studio ni ya bure kabisa na imekuwepo tangu 2012. Anza nayo hiyo hiyo. vMix inakupa siku 60 za kujaribu kila kitu, lakini zihifadhi mpaka chumba kiwe tayari, usizimalizie kitandani. Na kumbuka vMix haikubali kompyuta isiyo ya Windows, kwa hiyo ile Mac ya shemeji yako iache ifanye kazi ya majina au ya uhariri.

Sasa tatizo langu na orodha yako. Kila ulichoandika humo kinaishia ndani ya kompyuta ile moja. Maiki zinaingia humo, kamera zinaingia humo, rekodi inakaa humo, mgeni wa mbali anaongelea humo, hata mawasiliano yako na wapiga picha umeyapanga humo humo. Hiyo ni kupika pilau, chai na uji kwenye sufuria moja kwa sababu tu sufuria ni kubwa. Programu inaweza, sibishi. Ila siku Windows itakapoamua kujisasisha katikati ya kipindi, na jamaa mmoja wa hapa mjini yamemkuta bwana harusi akiwa ndio kwanza anavuta pumzi aseme "nimekubali", hutapoteza kamera tu. Utapoteza sauti, rekodi, matangazo, na hata njia ya kuwaambia wenzako nini kimetokea. Kwa hiyo ukiniuliza mimi, kujenga studio ya namna hii ni kuamua nini kisipite ndani ya kompyuta. Mengine utayapata kwenye hizo video zako.

Anza na sauti. Sisemi isiingie kabisa. Lazima iingie, la sivyo watu wataona midomo inachezacheza tu. Nasema isichanganywe humo. Programu hizi zina miksa yake, na ni nzuri. Lakini vuta picha: mtangazaji ananong'ona, mgeni wa pili amepandisha jazba, wa tatu anagongagonga meza, na wewe una kipanya kimoja ambacho muda huo huo kinatakiwa kukata kamera. Utachagua kipi? Nunua miksa ya mezani yenye vitelezi vya kushika kwa kidole, hata iliyotumika, na umkalishe mtu mwingine hapo. Maiki zote ziingie kwenye miksa. Toleo moja liende kwenye kompyuta, na toleo la pili liende kwenye kinasa sauti kidogo cha pembeni chenye betri zake. Hicho kinasa ndicho kitakachokuokoa siku kila kitu kitakapozima.

Ukishafanya hivyo utakutana na jambo litakalokukera. Sauti imepita njia fupi, picha imepita njia ndefu: imechakatwa ndani ya kamera, ikachakatwa kwenye kadi ya kupokelea, ikachakatwa tena kwenye programu. Sauti itafika kwanza. Mtazamaji hatajua kasoro ni nini, ila atahisi mgeni wako anatafsiriwa. Dawa yake ni hii. Mwambie mtu asimame mbele ya kamera apige kofi moja kubwa. Rekodi, kisha fungua faili na uisogeze fremu kwa fremu. Ukiwa unarekodi fremu 25 kwa sekunde, kila fremu ni milisekunde 40. Kofi likisikika fremu tatu kabla viganja havijakutana, cheleweshe sauti milisekunde 120 ndani ya programu, halafu rudia kupima. Fanya kwa kila kamera peke yake, kwa sababu kamera za kampuni mbili hazicheleweshi sawa. Ukikuta zinatofautiana, zile zenye haraka zicheleweshe zimsubiri mvivu wao, ndipo upange sauti.

Halafu kuna ule mlio. Utaujua tu ukiusikia: "mmmmm" nzito isiyokoma chini ya maneno. Sisi tulikutana nao kwenye msikiti mmoja, jina nalihifadhi, tulikoitwa kurusha Maulidi. Tulichukua sauti kutoka kwenye amplifaya yao, ambayo ilipata umeme kutoka ukuta wa kibla, na mitambo yetu ilipata umeme kutoka ofisini upande wa pili. Ardhi za soketi hizo mbili hazikuwa sawa, basi mkondo mdogo ukawa unatembea kwenye ganda la waya wetu wa sauti na kuvuma kwa mwendo ule ule wa umeme, mara 50 kwa sekunde. Kila mtu pale alikuwa fundi: huyu anasema badilisha maiki, yule anasema ni simu za watu. Kilichotibu ni kisanduku kidogo chenye transfoma ya sauti, kinachokaa katikati ya waya na kuvunja ule mguso wa ardhi huku sauti ikipita. Nunua viwili uweke kwenye mkoba. Na atakayekwambia ukate waya wa ardhi kwenye plagi ili mlio uondoke, mfukuze chumbani. Mlio utaondoka kweli, ila siku amplifaya itakapovuja umeme kwenye bodi, itakayoondoka ni roho ya mtu.

Kuhusu chumba chenyewe, mapazia mazito na mazulia yatakusaidia kuliko ile sponji ya bei mbaya uliyoniandikia. Mimi niko chini ya kilima, na juu yangu kuna Msikiti wa Kibuli, uliosimama pale tangu 1951 juu ya ardhi ya Mwanamfalme Badru Kakungulu. Adhana ya Adhuhuri inaingia kwenye kila maiki niliyo nayo, ukuta uwe mnene vipi. Sijaweka ukuta wa pili. Kipindi cha mchana kinaanza baada ya Adhuhuri, basi. Wewe nenda ukae kimya chumbani kwako kuanzia asubuhi hadi usiku, usikie mashine ya kusaga inaanza saa ngapi na fundi wa kuchomelea anafunga lini, ndipo upange ratiba.

La pili la kuweka nje ni kumbukumbu. Rekodi ya kipindi kilichokatwa tayari iache kwenye kompyuta, sawa, lakini kila kamera irekodi na kwenye kadi yake yenyewe. Na kwenye programu usirekodi MP4 ya kawaida. Faili ya namna hiyo huandikiwa faharasa yake mwishoni, ukibonyeza kusimamisha. Umeme ukikatika kabla ya hapo, unabaki na gigabaiti nyingi ambazo hakuna kicheza video kitakachozifungua. OBS inakuruhusu kurekodi MKV, ambayo ikikatika unapoteza sekunde za mwisho tu. Baadaye unaigeuza kuwa MP4 kwa dakika chache.

Umewahi kumsikia Isaac Nabwana, wa Wakaliga hapa Kampala? Ni yule anayeunganisha kompyuta zake mwenyewe kwa vipuri na kutengeneza filamu za mapigano mtaani kwake. *Who Killed Captain Alex?* ya mwaka 2010 imetazamwa dunia nzima. Lakini toleo linalotazamwa ni lile lenye sauti ya VJ Emmie, kwa mtindo wetu wa huku wa kumweka mtu azungumze juu ya filamu na kuinogesha. Toleo la awali, lisilo na VJ, halikusalimika. Kama hilo limemfika mtu mwenye akili ya Nabwana, wewe nunua diski mbili.

Umeme nitaupitia haraka, kwa sababu wewe umekulia nao. Yupiesi (UPS) iweke kwa kompyuta, swichi ya mtandao, ruta na monita moja. Taa usizitie humo, zitaimaliza ndani ya dakika mbili. Taa ni za jenereta. Kamera zitumie adapta za ukutani, maana betri huisha mgeni anapofika kwenye jambo la maana. Na hakikisha unazozinunua hazijizimi zenyewe baada ya nusu saa na hazitoi zile alama za betri na fokasi kwenye HDMI. Hilo liulize kabla ya kutoa hela.

Kuna kitu kimoja cha umeme ambacho sitakipitia haraka. Kamera mbili kati ya ulizoziandika zimetoka Marekani, na kule umeme ni wa hezi 60. Wetu na wenu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa zetu nyingi za mirija na za LED za bei rahisi hufifia na kung'aa mara 100 kila sekunde. Jicho halioni. Kamera iliyopangwa fremu 30 au 60 inaona, na itakuletea michirizi inayopanda ukutani taratibu kipindi kizima. Ingia kwenye menyu ya kila kamera utafute PAL, chagua fremu 25 au 50, na shata iwe 1/50. Kisha ufanye hivyo hivyo kwenye programu, kwa sababu nyingi huja zikiwa zimepangwa kwa 30 au 60. Ukiacha kamera ziko 25 na programu iko 30, picha itarukaruka kila mtu anapotembea, nawe utailaumu kadi ya michoro na kwenda kununua nyingine.

Tuje kwenye nyaya. Umeandika NDI kwa WiFi. Futa. NDI ni jambo zuri. Tangu NewTek walipoitoa mwaka 2015 imewarahisishia wengi, kwani waya mmoja wa mtandao unabeba picha, sauti na hata umeme wa kamera. Lakini picha moja ya 1080 inakula kama megabiti 100 kwa sekunde, bila kupumzika, na WiFi ya jengo lenye maduka haiwezi hayo. Kama ni NDI, iwe kwa waya na swichi yake peke yake, isiyoshirikiana na simu za wageni. Kwa studio ya chumba kimoja, mimi ningekushauri SDI. Waya wake unajifunga kwa kuzungushwa, hauchomoki mtu akiukanyaga, na unafika mita 50 bila kulalamika. HDMI iishie mezani. Kichwa chake kikilegea kidogo tu, kamera imetoweka.

Hapo hapo kwenye SDI pana faida nyingine inayorudi kwenye hoja yangu. Chukua kigawanyi kidogo, picha ya kamera ya kwanza igawanyike mara mbili: njia moja iingie kwenye kompyuta, nyingine iende kwenye swichi ndogo ya mezani yenye uwezo wa kurusha yenyewe. Iunge na toleo jingine la sauti kutoka kwenye miksa. Kompyuta ikianguka, unahamia kwenye kamera moja na sauti safi wakati inajiwasha upya. Watazamaji wataona picha pana isiyobadilika kwa dakika tatu, wengi watadhani ndivyo ulivyotaka.

Kuhusu intaneti, kurusha 1080 unahitaji megabiti 4 hadi 6 kwa sekunde za kupandisha, na uwe na mara mbili yake ili upumue. Namba anayokutajia muuzaji ni ya kushusha, haikuhusu. Weka faiba, na pembeni ruta ya laini ya simu ya kampuni nyingine. Hata hivyo usiamini kwamba intaneti ni haki yako. Uchaguzi wetu wa Januari 2021 ulipofika, mtandao ulizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na Facebook iliyofungwa wakati huo miaka ikapita haijafunguliwa. Wateja wangu wote wakahamia YouTube. Waliokuwa wanarekodi vizuri walifanya kazi siku zile na kurusha baadaye. Waliotegemea mtandao peke yake walikaa barazani.

Na wateja watakuja, usihofu. Hapa walitusukuma wenyewe. Tarehe 18 Machi 2020 Rais Museveni alisimamisha mikusanyiko ya ibada kwa sababu ya korona, na misikiti na makanisa yakafunga milango. Watu waliokuwa wakituona sisi wa kamera ni wasumbufu wa shughuli wakaanza kutupigia simu. Milango imefunguliwa zamani sana, lakini tabia imebaki: nikahi na kwanjula, zile sherehe za utambulisho za Waganda, nyingi sasa zina shangazi wa Boston au kaka wa Dubai anayetazama mubashara, na akikosa sauti anaipigia simu familia kwanza kabla yako. Kwenye harusi kuwa mwangalifu na muziki wa watu. YouTube huutambua yenyewe na inaweza kukukatia matangazo bi harusi akiingia ukumbini. Zungumza na DJ mapema.

Huko kwenu usisahau TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zipo tangu 2018, kwa hiyo nenda ofisini kwao Mwanza uulize leseni ya unachotaka kufanya kabla hujapaka rangi ukuta. Na ile ndoto ya kurusha mechi za Kirumba: Ligi Kuu ina mwenyewe. Azam waliingia mkataba wa miaka kumi na TFF mwaka 2021 kwa shilingi bilioni 225.6. Wewe chukua ndondo za mitaani, Igoma na Nyakato, huko hakuna anayekuzuia ukishaongea na waandaaji, na watazamaji wake ni watu wanaomjua kila mchezaji kwa jina la utani.

Limebaki moja ambalo kwenye orodha hukuliandika kabisa. Watu. Programu inamdanganya kijana kwamba anaweza kuwa studio nzima peke yake, kwa sababu vitufe vyote viko mbele yake. Unahitaji watatu ndani ya chumba: anayekata picha, anayekaa kwenye sauti, na anayeandika majina na kuangalia kwamba matangazo yanatoka kweli, huyo akiwa na simu yake kwenye bando lake, siyo WiFi yenu. Wapiga picha wawe na mawasiliano ya masikioni yasiyopitia kompyuta. Redio za mkononi za bei nafuu zinatosha kuanzia. Na mfundishane lugha moja. Mimi nasema, "Mbili, jiandae," nangoja picha itulie, kisha, "Mbili." Nikishasema hivyo, wa kamera mbili hagusi kitu mpaka nimtaje mwingine. Watu wengi hukata kamera na mpiga picha bado anatafuta fokasi, kwa sababu wamekaa kimya wakitarajia aote.

Binamu yako wa kike aliyemaliza kidato cha sita, yule mtulivu, mwite umfundishe sauti. Nilimsikiliza wakati wa Idd akimwelekeza babu yake namna ya kushika simu. Ana subira ambayo wewe huna.

Kabla hujanunua chochote, nitumie haya: urefu, upana na kimo cha chumba, picha ya ukuta wenye soketi na ya boksi la mita, na kipimo cha kasi ya kupandisha, kilichopimwa Ijumaa saa kumi jioni na tena saa tatu usiku, kwa laini mbili tofauti. Kadi ya SDI ya njia nne ninayo moja ya akiba. Nitampa jirani anayesafiri na basi la Mutukula wiki ijayo, nawe umpokee stendi ya Nyegezi mwenyewe, usimtume mtu. Pesa yake tutaongea na mama yako.

Wasalimie wote nyumbani.

Wasalaam,
Mjomba wako, Kibuli